Muulize Fundi: Meza ya boksi inayumba

SWALI: Shikamoo fundi. Tumenunua meza ya kulia chakula ya watu sita, ile inayokuja vipande vipande ndani ya boksi. Mume wangu ameiunga kwa kufuata michoro na kila bolti ameikaza mpaka mwisho, lakini mtu akiegemea upande huu, chai inamwagika upande ule. Tuendelee kukaza au tuipige misumari? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Misumari hapana, nakuomba sana. Meza nyingi za boksi ni chipubodi, yaani chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Msumari ukipita karibu na ukingo unaipasua, na ikishapasuka haiungiki tena vizuri.

Kwanza ihamishie mahali pengine, hata barazani kwenye vigae vilivyonyooka. Ikitulia huko, mbovu ni sakafu yenu. Weka kipande cha raba chini ya mguu unaoelea, basi. Ikiendelea kuyumba, tatizo ni uungaji, na kuzidi kukaza hakutasaidia. Mara nyingi mguu wa kwanza hukazwa mpaka mwisho kabla wenzake hawajashikwa. Mguu huo ukikaa upande kidogo tu, ndiyo umeshagandia hivyo.

Kwa hiyo legezeni. Tandikeni blanketi, igeuzeni meza miguu juu, mlegeze bolti zote mpaka zizungushike kwa vidole, ila msizitoe. Hapohapo tazameni washa, yaani vile vipete vya chuma vinavyovalishwa kwenye bolti. Kama mmepewa za aina mbili, ile iliyokatwa ya springi inakaa chini ya kichwa cha bolti, kisha inafuata ile bapa. Bila ile bapa, kichwa cha bolti kinadidimia ndani ya ubao.

Sasa isimamisheni watu wawili, mmoja kila upande, mahali palipo sawa. Hatua hii wengi wanairuka, nami naona ndiyo kazi yenyewe: miguu ikiwa bado imelegea, meza inajikalia yenyewe. Mmoja agandamize juu kwa viganja, mwingine aingie chini na alenki, kile kifunguo chenye umbo la L. Akaze mguu mmoja robo mzunguko, ahamie ule wa kona ya mkabala, kisha miwili iliyobaki, arudie hivyo mpaka bolti zigome. Zikigoma, aache. Drili ya umeme isiguse hapa, inang'oa nati zilizozamishwa ndani ya ubao.

Kazeni tena baada ya wiki mbili, maana viungo hulegea kidogo meza ikianza kutumika. Mkitaka kuihamisha, inyanyueni. Kuburuta kunaikunja miguu pale pale kwenye bolti. Na jambo linaloniumiza ninapoziona meza za watu: deki. Chipubodi ikinywa maji inavimba, wala hairudi. Kama nyayo za miguu ziko wazi, zipakeni vanishi mara mbili au mzivalishe vifuniko vya plastiki, na kitambaa cha kudekia kikamuliwe kabla ya kupita hapo.

Kama kuna skrubu inayozunguka bila kushika, itoeni. Jazeni tundu kwa vijiti vya meno vilivyochovywa gundi nyeupe ya mbao, acheni mpaka kesho yake, kateni vilivyochomoza, ndipo mrudishe skrubu ileile kwa bisibisi ya mkono.