Jibu: palpu ya misonobari isiyopaushwa iingie namba gani ya HS?

Mleta uzi, umesema unataka kuagiza palpu (nyuzi za mbao) ya kutengenezea karatasi ya khaki, uishushie hapa Dodoma, na wakala wako kaiweka Sura ya 48 ya HS (mfumo wa namba za bidhaa forodhani), kwenye karatasi. Mimi nimefanya uwakala wa forodha. Kwa maoni yangu hiyo si sahihi, na usikubali tamko liende hivyo.

Nadhani kilichomchanganya ni umbo. Palpu husafirishwa ikiwa shiti nene zilizofungwa marobota, ukiishika utadhani kadibodi. Lakini bado ni malighafi, na Sura ya 47 inaipokea hata ikiwa shiti.

Cha kwanza, imepikwaje? Iliyopikwa kwa soda au salfeti, yaani krafti, ni 4703. Ya salfaiti ni 4704. Iliyosagwa kwa mashine tu ni 4701. Halafu uliza mti: misonobari na jamii yake ya miti ya koni, ikiwa haijapaushwa, ni 4703.11, milingoti (mikaratusi) ni 4703.19. Ikipaushwa, hata nusu tu, ya misonobari inahamia 4703.21.

Kwenye rangi ndipo wengi huteleza. Krafti isiyopaushwa ni kahawia kwa sababu ya lignini (gundi asilia ya mbao) iliyobaki, ila salfaiti isiyopaushwa huwa nyeupe-nyeupe, na mtu akiamua kwa macho ataiita iliyopaushwa. Ankara inayosema "palpu ya mbao" basi haitoshi. Mdai muuzaji hati ya kiwanda inayotaja mti, njia ya kupikia, na kama imepaushwa.

Ipo pia 4702, ya palpu ya kuyeyushwa inayotengeneza nyuzi za nguo kama viskosi. Krafti huingia huko ikiwa sehemu isiyoyeyuka inafika 92% baada ya saa 1 kwenye myeyuko wa kostiki soda wa 18%, joto nyuzi 20. Ya karatasi kwa kawaida haifiki.

Kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki 4703.11 ni 0%, ilhali krafti iliyokwisha kuwa karatasi hulipiwa. Kwa mwenye karakana ya mifuko, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, tofauti hiyo ni mtaji. VAT ipigie hesabu yake pembeni.

Wakala akikaza, omba TRA uamuzi wa awali wa uainishaji kabla mzigo haujapakiwa, uambatanishe hati ya kiwanda na sampuli. Na kama huna mtambo wa kugeuza palpu kuwa karatasi, piga hesabu ya karatasi ya krafti ya kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kwanza. Inafika Dodoma kwa lori kupitia Iringa na Mtera.