Wapagazi Wangu Siwauzi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: ni kitu gani umekitengeneza kwa mikono yako ambacho hungekiuza hata ukiletewa bei nzuri? Changu kinaenea katika sanduku la viatu. Ni jeshi dogo la mchezo wa vita wa mezani, vijisanamu vya plastiki vya milimita 28 ukipima kutoka unyayo hadi macho. Mchezo wenyewe ni wa watu wawili. Mnatandaza vilima na vichaka mezani, mnapima mwendo wa kila kikosi kwa tepu, na dadu ndizo zinazoamua risasi imempata nani. Jeshi langu ni la King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza lenye askari Waafrika, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwezi wa Machi 1916, batalioni ya tatu ilipopigania vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta. Lina askari 18, bombomu (bunduki ya rashasha) moja ya Maxim, na wapagazi 24.

Naam, wapagazi ni wengi kuliko askari, na bado ni wachache mno nikikumbuka ilivyokuwa. Katika vita vile mbung'o walimaliza farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota, na mvua ikija magari yanazama matopeni. Kikabaki kichwa cha mtu. Hebu tupige hesabu: mpagazi anabeba kilo 25 hivi, naye anahitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Ukimtuma mwendo wa siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, kilo 20 ni chakula chake mwenyewe, na kinachomfikia askari kule mbele ni kilo 5. Ndiyo maana walitakiwa kwa maelfu kwa maelfu. Sheria ya kuwachukua kwa lazima ilipitishwa mwaka 1915, na mwaka 1917 ukaja msako mkubwa zaidi. Zaidi ya 40,000 waliotumikia upande wa Waingereza walikufa, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na unga ulioliwa haujaiva. Kambi yao ya Nairobi ilikuwa pale Kariokor, na pale Kenyatta Avenue mpagazi amesimama pamoja na askari katika mnara wa sanamu tatu za shaba. Mchongaji wa mnara ule alimweka. Katika sanduku la plastiki nililonunua mimi hakuwamo.

Kwa hiyo ilibidi nimtengeneze. Sanduku lenyewe lilikuwa la askari wa Kizungu wa vita hivyohivyo, wenye helmeti, suruali ndefu na buti. Askari wa KAR si kazi ngumu sana kumpata humo: unakata helmeti, unamfinyangia kofia ya duara yenye kitambaa cha kufunika kisogo, unapunguza suruali kwa wembe hadi iwe kaptura, halafu buti unazichonga taratibu mpaka zibaki nyayo, na vidole unavichora kwa ncha ya sindano. Kufinyanga natumia ile gundi ya udongo ya sehemu mbili, moja bluu na nyingine manjano. Ukizikanda pamoja zinakuwa kijani, na una saa moja au zaidi kidogo kabla haijaanza kukaza. Kifaa kiwe na maji daima, la sivyo inanata kwenye chuma na kukuachia uso uliovurugika.

Mpagazi ndiye mwenye kazi. Mikono ya askari wa plastiki imeshika bunduki, kwa hiyo unaikata begani na kwenye kiwiko, unatoboa kwa keekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole, unapitisha waya mwembamba wa shaba uliouchomoa kwenye kebo ya umeme, ndipo unaipinda kuelekea juu. Masanduku ya risasi nayakata kutoka vijiti vya aiskrimu. Magunia nayafinyanga, kisha nayakandamizia kipande cha kitambaa ili yapate alama za uzi.

Lakini hayo yote ni bure kama mwili hauonyeshi uzito. Nilienda soko la Marikiti, Nairobi, asubuhi na mapema kuwatazama vijana wanaoshusha viazi. Mwenye gunia mgongoni huinama na kutazama chini. Mwenye mzigo kichwani hawezi kuinama. Shingo yake imenyooka, magoti yamelegea kidogo, kifua kimetangulia, na mara nyingi mkono mmoja tu ndio unaoshika, mwingine unapunga kusawazisha mwendo. Niliporudi nyumbani nilivunja shingo za wapagazi niliokuwa nimeshawaunganisha na kuzinyoosha upya.

Rangi ya kwanza, praima, ni ile ya magari, ya kupuliza, inayopatikana Kirinyaga Road. Ipulizwe nje, jua likiwa limepanda. Baridi na unyevu wa Julai huifanya itue kama chembe za mchanga. Nguo ni kaki, ila kaki haiko moja: kuna iliyotoka stoo jana, kuna iliyofuliwa mtoni mara nyingi, kuna iliyopauka mabegani kwa jua. Chini ya magoti yote yanamezwa na vumbi jekundu la Taveta. Majani makavu ni nyuzi za katani zilizokatwa fupi na kusimamishwa kwenye gundi nyeupe.

Kwenye ngozi ndiko nakaa muda mrefu, na hapa nina neno. Maelekezo mengi ya upakaji rangi humfundisha mtu namna ya kupaka uso wa Mzungu kwa rangi tano au sita, halafu Mwafrika anapewa kopo moja la kahawia na kuachwa hapo. Siyakubali kabisa. KAR ilikuwa na Wanubi, Wanyasa, Wakamba, Wanandi na wengine wengi, na wapagazi walitoka karibu kila upande wa nchi. Mimi naanza na kahawia iliyochanganywa na rangi ya damu ya mzee. Kwenye vivuli naongeza bluu nzito badala ya nyeusi, kwa sababu nyeusi huiua ngozi. Kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na juu ya bega napandisha kwa kahawia yenye uchungwa. Mchanganyiko naubadilisha kwa kila mtu. Viganja na nyayo vinakuwa vyepesi zaidi. Katika hao 24 hakuna wawili wanaofanana, na ukiniamsha usiku nitakuonyesha yupi ni yupi.

Mezani pia wana nguvu yao. Mimi na jirani ninayecheza naye tumekubaliana kanuni: bombomu inaanza na mkanda mmoja wa risasi 250, na kila mkanda mwingine lazima uletwe na mpagazi anayevuka meza kwa miguu yake. Wakitawanyika, bombomu inanyamaza, hata kama wapigaji wake wote ni wazima. Tangu tuanze hivyo mchezo umekuwa mwingine. Unaacha kufikiria kushambulia tu, unaanza kuuliza njia iko wapi, maji yako wapi, nani anawalinda walio nyuma.

Sasa ile bei. Kuna mtu alikuja kwangu Buruburu akaliona jeshi likiwa rafuni. Akataja pesa ambazo zingelipa kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Akawapanga askari upande mmoja pamoja na Maxim, wapagazi akawasogeza kando kwa kiganja. "Hawa wengine baki nao tu," akaniambia. Nikamjibu kwamba hawatenganishwi, na hata wakiwa pamoja hawauzwi. Hakukasirika, alikunywa chai yake tukaongea mengine.

Kwa sasa natengeneza machela na wabebaji wake wanne, kwa sababu majeruhi nao walibebwa na haohao. Nina ombi kwa wasomaji. Picha nilizoziona za wapagazi zimepigwa kwa mbali, misururu mirefu isiyo na nyuso. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya karibu ya mzee aliyebeba mizigo katika vita ile, inayoonyesha blanketi lilifungwaje na kamba ya mzigo ilipitishwa wapi, tafadhali mpelekeeni mhariri nakala yake. Nitairudisha, na fundo la kamba nitalirekebisha kwa wote 24.