Mafuta ya vidanji yaliyochujwa: ni fueli au bado ni taka?

Jambo ndugu yangu. Umeuliza mawili: mafuta ya vidanji, yaani mafuta machafu yanayotolewa kwenye injini, unayokusanya kwenye garaji za Kampemba hapa Lubumbashi, ukishayachuja yanakuwa fueli kama mazutu (dizeli)? Na mteja wako aliye ng'ambo ya Kasumbalesa, upande wa Zambia, unaweza kumpelekea? Mimi nayeyusha alumini kwa mafuta hayo hapa Katuba mwaka wa tisa sasa, natengeneza sufuria, basi nikujibu kwa niliyoyaona.

Kuchuja hakubadili jina. Kitambaa kinazuia mchanga na vumbi la chuma, lakini zinki, kadimi na klorini vinapita pamoja na mafuta. Waingereza walivutana sana juu ya hili. Kanuni za Ulaya za uchomaji taka zilipowabana wenye mitambo ya zamani mwishoni mwa 2005, viwanda vya lami vilivyokuwa vikichoma mafuta haya vililazimika kufuata masharti sawa na tanuri la taka, na wengi wakaona heri warudi kwenye fueli ya kawaida. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ya huko ikasema mafuta ya injini yanaweza kuacha kuwa taka kabla hayajachomwa, ila lazima yafanane kweli na fueli yanayochukua nafasi yake. Marekani wao wameweka namba: risasi isizidi sehemu 100 kwa milioni, kromu 10, aseniki 5, kadimi 2. Ukizidisha, masharti yanakaza. Kwa hiyo kinachoyaondoa kwenye jina la taka ni karatasi ya labo. Rangi nzuri kwenye bidoni haimshawishi mtu.

Kwetu Kongo, sheria ya mazingira namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inamtwika mwenye taka mzigo wa kuzishughulikia. Ndiyo maana kampuni moja ya mgodi ilininyima mafuta yake. Nilifika na kamioneti na mapipa matupu, mtu wao wa mazingira akaniuliza, "Bordero yako iko wapi, mzee?" Bordero ndiyo karatasi ya kufuatilia mzigo wa taka, nami sikuwa nayo. Nilikasirika siku nzima. Sasa namwelewa: nikiyamwaga mtoni, swali litarudi kwake.

Kinachoharibu mafuta zaidi ni kuchanganya. Mwaka wangu wa pili nilinunua pipa mbili kwa bei ya bure. Kumbe fundi alikuwa akioshea breki kwa dawa ya kutoa grisi, kisha anaimwaga humo humo. Tulipowasha, moshi ulichoma macho, vijana wangu wakakimbilia barabarani. Tangu siku hiyo napima hivi: nachukua waya wa shaba (hapa mjini hatutaukosa!), nauchoma hadi moto wake usiwe na rangi, nauchovya kwenye mafuta, naurudisha motoni. Moto ukiwa kijani, kuna klorini, sinunui. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa tone tu. Maji ni rahisi zaidi: tone kwenye bati la moto, likipasuka-pasuka, yaache yatulie kwanza. Vipimo hivi havishiki nafasi ya labo, ila vinakuokolea pesa. Na mafuta ya transfoma usiyaguse kabisa, ya zamani yanaweza kuwa na PCB, kemikali ya sumu.

Kuhusu mpaka: Kongo na Zambia zote zimo katika Mkataba wa Basel, unaosimamia kuvusha taka hatari mipakani, na mafuta ya madini yaliyochakaa yameandikwa humo kama taka za kundi Y8. Nchi inayopokea lazima ikubali kwa maandishi kabla gari halijaondoka. Atakuja dekleran (wakala wa forodha) akwambie "tuandike fueli tu, tupite." Usikubali. Mkataba unauita huo usafirishaji haramu, na mzigo unaweza kurudishwa kwa gharama yako.

Mimi ningeuza hapa hapa, kwa mwenye tanuri kali lenye bomba refu. Mwoka mikate usimuuzie hata akikubembeleza, masizi yale yatatua kwenye unga. Tenga mapipa: ya injini peke yake, ya breki peke yake, na andika kila garaji imekupa lita ngapi. Ukipita Katuba leta chupa moja, waya ninao.