Wanafunzi waingie kwenye mipango ya chuo kabla ramani haijapitishwa

Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia chuoni, watu hukimbilia barakoa, ndoo na matangazo ukutani. Kufikia hapo mengi yanayoamua kasi ya maambukizi yameshapita: madirisha yanafunguka kiasi gani, vitanda vimebanana vipi, bomba la kunawia liko mlangoni au nyuma ya jengo. Yaliamuliwa siku ramani ilipopitishwa, na mara nyingi kwenye kikao hicho hakukuwa na mtu hata mmoja anayelala bwenini.

Kwa hiyo anza kwa kujua hatua za mradi. Jengo hupita kwenye orodha ya mahitaji, mchoro wa awali, michoro ya kina, zabuni, ujenzi, kisha makabidhiano. Nguvu ya wanafunzi iko kwenye hatua mbili za mwanzo. Kuhamisha ukuta kwenye mchoro wa awali ni kufuta mstari na kuchora mwingine. Mkataba ukishasainiwa, ukuta uleule unakuwa kazi ya nyongeza yenye bei yake, na mkadiriaji majenzi, anayesimamia gharama za mradi, atakuwa wa kwanza kuukataa. Serikali ya wanafunzi iandike barua kuomba ratiba ya mradi, nakala ya michoro angalau wiki moja kabla ya kikao, na kiti chenye kura kwenye kamati ya ujenzi. Usikubali kiti cha mtazamaji. Mtazamaji hupewa michoro kikao kinapoanza, na ramani haisomeki kwa dakika kumi.

Nyuma ya huyo mjumbe mmoja kuwe na kikundi cha kazi cha watu 7 hadi 9: wakazi wa mabweni ya kike na ya kiume, anayeishi nje ya chuo, mwenye ulemavu, mmoja wa fani ya afya na mmoja wa uhandisi au usanifu majengo. Ongeza mfanya usafi hata kama si mwanafunzi. Yeye ndiye anayejua choo kipi huziba kila wiki na bomba lipi halitoi maji jioni.

Kikundi kikishaundwa, kipime. Malalamiko kwamba ukumbi wa mihadhara "una joto" hayabadilishi mchoro, namba hubadilisha. Kipimo rahisi kuliko vyote ni hewa ya ukaa, kwa sababu inatoka kwenye pumzi za watu waliomo ndani, hivyo hupanda hewa safi isipoingia ya kutosha. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa milioni. Mtu aliyekaa kimya hutoa kama lita 0.005 za hewa hiyo kwa sekunde. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021 wa wakati wa COVID-19, lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu kwenye majengo yasiyo ya makazi. Gawanya 0.005 kwa 10, unapata 0.0005, sawa na sehemu 500 kwa milioni juu ya ile ya nje. Yaani ukumbi unaofikia pendekezo hilo hutulia karibu na 920. Ukisoma 2,000, kila mtu anapata kama lita 3 tu.

Vipimo hivi huharibika kwa namna zinazojulikana. Vipo vifaa vya bei ndogo ambavyo havipimi hewa ya ukaa yenyewe. Hukisia kutokana na harufu na mvuke, hivyo mtu akipaka kitakasa mikono karibu navyo, namba inaruka. Chagua chenye kihisi cha mwanga wa infraredi. Kiweke kwenye kimo cha pua ya mtu aliyekaa, mita 1 au zaidi kutoka kwa mtu yeyote, mbali na dirisha na mlango. Andika kila dakika 5, pamoja na idadi ya watu na madirisha mangapi yako wazi. Dakika za mwanzo hazikuambii kitu, maana ukumbi mkubwa huchukua muda kujaa pumzi. Subiri hadi namba itulie au kipindi kiishe. Pia kipimo hiki hakioni kazi ya mashine ya kuchuja hewa: mashine hiyo hunasa chembe zenye virusi, lakini hewa ya ukaa inabaki palepale.

Ukiwa na namba, soma mchoro upya. Feni huzungusha hewa ileile. Viyoyozi vingi vya ukutani navyo hivyohivyo, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu ubaridi unahisiwa kama hewa safi. Dirisha la kusukuma kando hufunguka nusu tu ya upana wake, kwa hiyo ukihesabu eneo la madirisha, ligawe kwa mbili. Chumba chenye madirisha upande mmoja hupumua vizuri hadi kina cha mara 2 au 2.5 ya kimo cha dari. Chenye madirisha pande mbili zinazotazamana huenda hadi mara 5. Kisha uliza kwa nini madirisha yaliyopo hayafunguliwi. Kelele, vumbi, mbu, hofu ya wizi: kila sababu ina tiba yake, na wavu au nondo ni nafuu kuliko mtambo wa kusukuma hewa.

Mabweni yana hatari zao. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria wa meningokoki hupenda mahali vijana wanapolala karibu karibu, na waliokaa karibu na mgonjwa hupewa antibiotiki, ikiwezekana ndani ya saa 24 tangu atambuliwe. Hilo haliwezekani kama orodha ya chumba ina majina manne na wanaolala ni saba. Wanafunzi hawatawataja waliobebwa, yaani wanaolala chumbani bila kusajiliwa, wakijua adhabu inafuata, kwa hiyo kikundi kijadiliane na uongozi mapema: taarifa itakayotolewa wakati wa mlipuko isitumike kumfukuza mtu. Vitanda viachane angalau mita 1, na pasipowezekana, watu walale kichwa kwa miguu. Chumba cha kutengea wagonjwa kiwe na choo chake, na njia isiyopita jikoni wala kwenye foleni ya chakula. Kwenye mchoro kipe kazi ya siku za kawaida, la sivyo mwaka wa pili kitakuwa stoo.

Kuhusu maji, bomba la kunawia liwe kwenye njia ya kutokea chooni na kwenye mlango wa bwalo. Kinachokosekana mara nyingi ni sabuni, kwa hiyo taja mhusika wa kuijaza kwa cheo chake. Kitakasa cha alkoholi hakifui dafu mbele ya norovirusi, virusi vya kutapika na kuharisha, wala kwenye mikono yenye uchafu.

Dodoso fupi linafaa, maswali yasiyozidi 10, lisipelekwe karibu na mitihani. Usikusanye majina ya waliougua. Jibu lirudi kwa wanafunzi ndani ya wiki mbili, likisema lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini. Bila hivyo dodoso la pili halitajazwa.

Kinachoua juhudi hizi ni kalenda. Kiongozi wa wanafunzi hukaa mwaka mmoja, jengo linaweza kuchukua mitatu au zaidi, na anayekuja huanza upya huku uongozi wa chuo ukisubiri amalize muda wake. Nusu ya kikundi iwe ya mwaka wa kwanza na wa pili. Jalada la makabidhiano liwe na michoro yenye tarehe, vipimo vyote, barua na majibu yake, na orodha ya ahadi zilizoandikwa kwenye mihtasari. Nakala moja ibaki maktaba, nyingine zahanati ya chuo, na anayeondoka ahudhurie vikao viwili pamoja na anayeingia.