Kompyuta ya zamani inaganda, inajizima: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii karibu yote yanafanana. Kompyuta ya nyumbani imezeeka, inaganda au inajizima, na mwenye nayo ameomba msaada kwa marafiki wa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, akapewa majibu yanayopingana. Marafiki hao wana faida kubwa, wengi wanajua kazi na hawadai hata senti. Shida ni kwamba hawaioni mashine yako; wanaona kile tu unachowaonyesha. Ndiyo maana katika kila jibu nimeweka kitu cha kutazama kabla hujatoa pesa.

Kompyuta yetu ya mezani inatumia Windows 10, RAM ni GB 4. Ukiiwasha asubuhi unachemsha chai na kuinywa, bado haijakaa sawa. Kwenye kundi mmoja kasema niongeze RAM, mwingine nipige Windows upya, wa tatu kasema niitupe. Nimfuate nani? – Mama wa watoto watatu, Morogoro

Mama, usimfuate yeyote kwanza. Kompyuta ikiwa imewaka na bado inasuasua, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likiwa dogo, bofya "More details" kule chini, kisha nenda "Performance". Utaona CPU (chip kuu), Memory (ndiyo RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta ikiwa kazini) na Disk, kila kimoja na asilimia yake. Lipige picha kwa simu, uitume kwenye kundi. Ubishi mwingi utaishia hapo.

Kama Disk imegota kwenye 100 dakika nyingi huku CPU iko chini, mchelewaji ni diski. Kompyuta nyingi za umri huo zina diski yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachohama huku na huko kutafuta mafaili. Windows 10 inapowaka inasoma mafaili madogo mengi mno yaliyotawanyika, na kichwa hicho hakiwezi kuyafikia yote kwa haraka. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi mafaili kwenye chip, haina kinachozunguka wala kinachohama, na tofauti yake utaiona siku ileile. Ila tazama na Memory pia. Ikiwa imepita asilimia 90, Windows imeanza kuazima nafasi ya diski ifanye kazi ya RAM, na hapo vyote viwili vinahitaji kuguswa. Pesa ikiwa ya kitu kimoja tu, mimi ningeanza na SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya GB 240 au 256, RAM ifuate mwezi mwingine.

Kabla ya yote, pakua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Inasoma kumbukumbu za afya ambazo diski yenyewe inajiwekea. Ikiandika "Good", endelea kwa amani. Ikiandika "Caution" kwa rangi ya njano, mara nyingi ni kwa sababu kuna sehemu za diski zimeshakufa au zinasomeka kwa shida. Acha kila kitu, nakili picha na nyaraka kwenye diski ya nje siku hiyohiyo. Ushauri wa kupiga Windows upya kwenye diski ya namna hiyo naupinga kabisa: unafuta vilivyomo, halafu unailazimisha diski mgonjwa kufanya kazi nzito kuliko zote. Windows inapatikana tena. Picha ya bibi aliyetangulia mbele ya haki, kama ilikuwa humo peke yake, haipatikani.

Shikamoo. Laptopu ya baba inatoa skrini ya bluu halafu inajiwasha upya. Wenzangu mtandaoni wananiambia niwatumie maneno yaliyoandikwa pale, lakini yanapotea kabla sijasoma. – Mwanafunzi, Eldoret

Marahaba. Unaweza kuizuia isijiwashe upya haraka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", chini kwenye "Startup and Recovery" bofya "Settings", kisha ondoa tiki kwenye "Automatically restart". Skrini ya bluu ikija tena itabaki pale, nawe utaipiga picha.

Kwa zile zilizokwishapita, fungua tena kwa Windows na R, andika perfmon /rel. Utapata chati inayoonyesha siku kwa siku nini kilianguka, na programu gani iliingizwa siku ileile. Wengi hawaijui chati hii, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inajibu swali ambalo rafiki yeyote mwenye ujuzi atakuuliza: kabla ya tatizo kuanza, kilibadilika nini?

Maneno kama MEMORY_MANAGEMENT yanatuelekeza tuanze na RAM, ingawa dereva mbovu (programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa) naye huyaleta. Windows ina kipimo chake, mdsched.exe, kinachopima RAM wakati kompyuta inawaka. Kama laptopu ina vipande viwili vya RAM, izime, chomoa chaji na betri ikiwa inatoka, toa kipande kimoja, uitumie siku moja mbili, kisha ubadilishane. Kosa likihama na kipande, umempata mhusika. Unapowaandikia wenzako, taja modeli ya laptopu, ukubwa wa RAM, toleo la Windows na tatizo lilianza lini. "Inasumbua, nisaidieni" haimpi mtu pa kushika.

Yetu haileti skrini ya bluu. Inazima tu, pu! Hasa mchana wa joto watoto wakicheza gemu. – Baba, Mombasa

Joto, karibu kwa hakika. Chip kuu ikizidi kiwango chake hujipunguza kasi, na ikishindwa kupoa kompyuta hujizima isiungue. Izime, chomoa waya wa umeme, fungua kava ukiwa nje ya nyumba. Tazama chini ya feni ya chip kuu: kuna vipande vyembamba vya bati vilivyopangwa kama kitana, na katikati yake utakuta vumbi limeshonana hadi limekuwa kitambaa. Feni inazunguka vizuri juu yake na hakuna upepo unaopita. Lipulize kwa bloa huku umeishikilia feni kwa kidole isizunguke. Kama kompyuta ina miaka mingi, mwombe fundi abadilishe na dawa ya kupozea iliyo kati ya chip na bati, maana hukauka.

Ukiwa hapo, angalia vile vikopo vidogo vya mviringo kwenye ubao mkuu. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba au kikitoa uchafu wa kahawia, ubao unahitaji fundi wa kuchomelea. Boksi la umeme lenyewe, lile linaloingia waya wa ukutani, usilifungue. Linatunza umeme hata likichomolewa.

Saa inarudi nyuma miaka kila nikiiwasha, na tovuti zinakataa kufunguka. – Msomaji, Mwanza

Betri ndogo ya ubao imekwisha, CR2032, ile ya duara kama sarafu. Nunua mpya, uweke tarehe sahihi. Kivinjari chako hulinganisha tarehe za vyeti vya usalama vya tovuti na saa ya kompyuta, ndiyo maana zinakataa.

Rafiki wa kwenye kundi anataka aingie kwenye kompyuta yangu akiwa kwake, kwa programu ya AnyDesk, anitengenezee. Ni salama? – Msomaji, Muscat

Inategemea nani alianza. Kama uliomba wewe, unamfahamu kwa muda na kundi linamfahamu, sawa. Funga kwanza benki na barua pepe, kaa hapohapo ukitazama, na akimaliza iondoe programu. Akitaka nywila, au akikuambia usitazame, kata intaneti papo hapo. Na anayekupigia yeye akidai ametoka Microsoft ni mwizi. Microsoft hawapigii watu simu kuwaambia kompyuta yao ina virusi.

Kompyuta imekataa Windows 11. Nifanyeje? – Mwalimu, Tabora

Mwalimu, Windows 11 inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya kompyuta), na kwa chip za Intel kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Nyingi za zamani hazina. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida, yakiwemo masasisho ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025. Zile programu za kuvunja leseni ziepuke, nyingi huja na virusi ndani.

Kama kazi yako ni kuandika mitihani, kusoma barua pepe na kutazama video, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Inakuja na LibreOffice, inayofungua mafaili ya Word, ingawa mpangilio wa jedwali huweza kusogea kidogo. Faili lake ni takribani GB 3, kwa hiyo lipakue penye Wi-Fi usimalize bando. Liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo, na uitumie bila kugusa diski. Jaribu sauti, Wi-Fi na printa ya shule. Vikikubali vyote, nakili mafaili yako pembeni ndipo uiingize.