Baba mdogo alinitesa utotoni, leo anataka kuja kukaa kwangu

SWALI: Assalam alaykum shekhe. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Nililelewa na baba mdogo, alikuwa ananichapa na waya wa pasi, kulala njaa ndo usiseme. Mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono ila akifunga geti kwa nguvu tu natetemeka, akikaa kimya nahisi anataka kuniacha, basi naanza ugomvi. Mawifi wanasema nina jini. Sasa baba mdogo anaumwa anataka kuja kwetu, naambiwa nisamehe kama Nabii Yusuf. Nikikataa napata dhambi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Pole sana dada angu. Hilo la jini tuliweke pembeni maana hapa mjini mtu akishtuka tu keshapelekwa kusomewa. Mtoto aliyezoea kwamba geti likigonga kipigo kinafuata, mwili wake mpaka leo unasubiri kipigo, haujui kwamba aliyeingia ni mumewe kachoka na foleni za Kilwa Road. Na hauko peke yako, utafiti wa 2009 hapa nchini ulikuta karibu vijana watatu kati ya wanne walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18.

Sasa Yusuf. Wanaokwambia hivyo wasome sura yote jamani, wasirukie aya ya 92. Alitupwa kisimani na ndugu zake akiwa mdogo, walipokuja Misri hakujitambulisha, aliwapima kwanza, wakamsingizia wizi akaumeza moyoni, na "hapana lawama juu yenu leo" ilikuja baada ya wao kukiri kwa midomo yao kwamba walikosa. Huyo baba mdogo amekiri? Kwenye swali lako sijaona.

Kwa hiyo dhambi hakuna. Kuunga undugu ni wajibu ila sio lazima iwe chini ya paa lako, tuma hela ya dawa, mpigie simu, ukiweza muombee, inatosha, Mtume (s.a.w.) kasema hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Na mumeo mwambie, ule waya wa pasi mwambie, sio katikati ya ugomvi, subiri watoto walale. Suratun Nisaa aya ya 148 imempa aliyedhulumiwa ruhusa ya kusema, kwahiyo usiogope eti unamsengenya mzee. Halafu ulizia ushauri nasaha hospitali ya wilaya au Muhimbili, kwenda huko sio upungufu wa imani.

Mkitaka njooni wote wawili tuongee, siku yoyote baada ya alasiri isipokuwa Ijumaa. Mawifi wabaki nyumbani.