Sentimita Moja Iliyoninyima Robo Saa

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nataka kufunga kifaa cha kupima maji kwenye kijito kinachopita nyuma ya shamba letu. Ninunue kihisi gani?" Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikajikuta nimejaza ukurasa. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, nikalijibu vibaya, na hasara yake naikumbuka mpaka leo.

Mimi nilichagua kihisi cha mwangwi. Kinafungwa chini ya daraja, kinatuma sauti ambayo sikio la binadamu halisikii, sauti inagonga maji na kurudi, nacho kinapiga hesabu ya umbali kwa muda uliotumika. Nilikifunga kwa mikono yangu, nikaweka paneli ndogo ya sola na betri, data ikawa inaingia kwenye simu kila dakika 15. Nilijivuna, na sikuona haya. Pale kwetu nilikuwa wa kwanza kuujua mto bila kutoka kitandani. Nikaweka tahadhari: maji yakifika sentimita 150, simu ilie.

Usiku ule kwetu haikunyesha hata tone. Mvua ilipiga huko juu mto unakotokea, na ardhi ilikuwa imeshiba maji ya siku tatu zilizotangulia. Grafu yake ninayo bado. Saa saba na nusu usiku, 41. Saa nane kasorobo, 44. Saa nane kamili, 58. Saa nane na robo, 83. Saa nane na nusu, 112. Saa tisa kasorobo, 149.

149! Kifaa kilikuwa kinasubiri 150, kwa hiyo kikanyamaza robo saa nyingine. Saa tisa kamili kikasoma 171 na simu ikalia. Nilipotoka na tochi, banda la mbuzi lilikuwa limeshazungukwa, na maji yalikuwa yanapita kwa nguvu ambayo mtu mwenye akili haingii. Nilisimama kwenye mwinuko nikiwasikia, na sikuwa na la kufanya. Usomaji wa saa tisa na robo haukuja, maana gogo lilikuwa limeshang'oa kila kitu.

Asubuhi shemeji yangu alisema mbele ya watu, "Mtambo wako ulikuwa unapima usingizi." Watu walicheka. Limeniuma miaka yote hii, na linauma zaidi kwa sababu mtambo ulipima sawasawa. Aliyekosea ni mimi niliyeuagiza uangalie kina peke yake.

Angalia tena zile namba. Kati ya saa nane kasorobo na saa nane kamili, mto ulipanda sentimita 14. Ningekuwa nimeagiza "ukipanda sentimita 10 ndani ya robo saa, niamshe", simu ingelia saa nane kamili. Saa nzima kabla. Ndani ya saa nzima unafungua banda, unaswaga mbuzi wote hadi mlimani na kurudi kumgongea jirani.

Ndiyo maana namwambia ndugu yangu huyu: kabla hujauliza kihisi gani, uliza mto wako unapanda kwa kasi gani. Mto mkubwa unakupa siku. Kijito kinakupa saa, pengine dakika, kwa kuwa eneo linalokilisha ni dogo na maji hayana safari ndefu. Piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni 1. Ikinyesha milimita 20 kwenye kilomita 5 za mraba, hizo ni lita milioni 100. Ardhi kavu itakunywa sehemu kubwa. Ardhi iliyoshiba inakuletea karibu zote. Kwa hiyo weka na kipimo cha mvua huko juu, au mtu huko juu mwenye simu na moyo wa kuamka usiku. Mimi sasa nina mtu, na namthamini kuliko kifaa chochote.

Lakini wengi mnakimbilia vifaa kabla ya kupigilia ubao. Ubao wenye alama za sentimita, uliosimama wima mahali maji yametulia, ndio msingi wa yote. Wamisri walikuwa na kisima chenye nguzo ya alama kwenye kisiwa cha Roda, Cairo, kilichojengwa mwaka 861, na kwa nguzo hiyo walisoma kupanda kwa Nile. Ubao hauishiwi betri. Na ndio utakaokuambia kihisi chako kinadanganya. Changu kilidanganya kila mchana: jua likiwaka, sauti husafiri haraka zaidi hewani, mwangwi unawahi kurudi, nacho kinadhani maji yamepanda. Tofauti ya nyuzi 15 za joto kwenye umbali wa mita 2 inakupa kosa la kama sentimita 5. Bila ubao nisingejua kamwe.

Halafu chora alama ya kudumu kwenye zege la daraja au kwenye mwamba, na upime sifuri ya ubao wako ni sentimita ngapi chini yake. Mafuriko yakiung'oa ubao, utaurudisha palepale. Mimi sikuwa na alama hiyo, kumbukumbu zangu za miezi 11 zikawa hazilingani na za baadaye. Daftari zima, likapotea hivyo.

Kuna mwingine atasema, "Sisi tulishapata yale mafuriko ya miaka mia, hayarudi leo." Ndugu zangu, acheni kujidanganya! Mafuriko ya miaka mia maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na mwaka huu haukumbuki wa jana. Ukikaa miaka 30 kando ya mto huo, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26. Mwenye nyumba mbele ya kalavati ajue pia kwamba magogo na takataka zikiziba pale, maji yatampandia hata kama mvua ilikuwa ya kawaida. Kasafishe kalavati leo.

Na usishuke kusoma ubao mto ukiwa umefura. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo, sembuse wewe na daftari lako. Chukua bomba lenye matundu chini, mimina ndani chengachenga za kizibo cha chupa, tumbukiza fimbo, funika. Maji yakipanda, chenga zinaelea. Yakishuka, zinabaki zimeganda kwenye fimbo pale kilele kilipofika. Utasoma kesho, ukiwa hai.

Kwa hiyo, kaka uliyeniandikia, kihisi tutazungumza baadaye. Jumamosi hii pigilia ubao, chora alama kwenye zege, kisha nitumie namba ya kwanza utakayoisoma.